Pale Inaporuka

Kazi yangu ni kupima masikio.
Namfungia mtu ndani ya kibanda kisichopitisha sauti,
namvisha hedifoni, nampa kitufe,
namwambia: bonyeza ukisikia, hata ikiwa ndogo kama mbu.
Miaka kumi na tisa, hapa Wrocław, karibu na kituo cha tramu.
Kwa hiyo usinieleze habari za sauti.
Najua sikio la miaka hamsini na mbili
limekwisha kufunga madirisha yake ya juu,
na sikio hilo ni langu.

Mzee Zdzisław wa ghorofa ya tatu, alipohamia Opole kwa binti yake,
alinigongea mlango akiwa amevaa koti tayari.
"Bogumiła, hii haiingii kwenye gari."
Gramafoni. Na santuri thelathini na moja
ndani ya kreti la matufaha.
Nilipokea kwa adabu tu,
kama mtu anavyopokea paka asiyemtaka.

Ikakaa kando ya pasi hadi Februari.

Usiku mmoja wa theluji mtandao ukakatika,
simu ikawa kipande cha kioo.
Nikachomoa santuri bila kuchagua:
mwanamke anaimba na akodioni, jalada limelika pembe.
Nikaishika kingoni, kwa viganja,
kama sahani ya supu iliyojaa pomoni.
Sindano ikashuka.
Kwanza vumbi, chwaa, chwaa,
kama mtu anayekaanga vitunguu kwa jirani.
Kisha yeye, akivuta pumzi.
Ubeti wa pili, kwenye neno *nirudishie*,
ikaruka.
*Nirudi, nirudi*, halafu ikasonga mbele
na kuacha nusu ya mstari nyuma.

Nikampigia Zdzisław kumuuliza.
Alicheka hadi akakohoa.
"Hapo Halszka aliangusha kijiko cha mchuzi wa kabichi,
sikukuu ya jina langu, mwaka sabini na nne.
Tulikuwa tunacheza. Hakuomba radhi.
Nikamwoa."

Wiki ileile mwanangu Kacper akaniwekea wimbo huo kwenye simu,
uliosafishwa, uliopigwa deki.
Nikausikiliza kwa masikio ya kazini.
Kila kitu kipo: besi, akodioni,
hata ulimi ukigusa meno.
Ulipokaribia *nirudishie* nikakaza mabega,
nikangoja.
Haukuruka.
Ulipita laini kama gari juu ya shimo lililozibwa,
nami nikajipapasa mifuko
kama mtu aliyeibiwa pochi.

"Mama, lakini kwa vipimo..."
Najua vipimo, Kacper. Vipimo ndivyo vinavyokulipia karo.
Simu inashinda. Sauti za juu, za chini, ukimya wa katikati,
ningeandika cheti na kukigonga muhuri leo hii.
Ila ukipenda, chongo huita kengeza,
na mimi niliyeapa kutopenda kisichopimika
nimekamatwa na kijiko cha mchuzi.

Sasa nikirudi jioni huweka santuri kwanza, viatu baadaye.
Upande mmoja ni dakika ishirini na mbili.
Haunikisii nitakachotaka kesho.
Ukiisha umeisha: tok, tok, tok,
mgeni anayegonga meza kwa kidole,
hadi niinuke, nigeuze.
Kwenye simu nyimbo hazikuwahi kuniishia;
sikujua kamwe kama nimeshiba.

Leo asubuhi kibandani,
fundi mstaafu wa reli alibonyeza kitufe
wakati sijatuma sauti yoyote.
Nikafungua mlango. Umesikia nini?
"Sijui," akasema. "Lakini kilikuwepo."
Kwenye fomu hakuna kisanduku cha jambo hilo.
Kalamu ikasita.
Nikamrekebishia hedifoni, taratibu kuliko kawaida,
nikamwambia tuanze upya.